Kilo Mia Tano Nilizobuni

Nina daftari la maswali saba. Kabla sijagusa kompyuta ya gari la mtu namuuliza yote saba, na majibu nayaandika kwa wino. Situmii penseli kwa sababu najijua: nikiruhusiwa kufuta, nitafuta mpaka karatasi itoboke. Swali la kwanza ni umri wa injini. La pili ni dizeli inanunuliwa wapi, sheli au kwenye madumu ya kando ya barabara. La tano ni hili: siku gari likijaa kuliko siku zote, linabeba mzigo kiasi gani?

Swali hilo la tano ndilo lililonifanya niandike uongo, na uongo huo karibu uue injini ya watu wasio na nyingine.

Kazi yangu ni kubadilisha hesabu zilizomo ndani ya kontrol boksi, ile kompyuta ndogo inayoiambia injini imwage mafuta kiasi gani na turbo isukume hewa kiasi gani. Kiwandani wanaandika hesabu zinazomfaa mtu yeyote, popote. Mimi naziandika upya zimfae mtu mmoja na kilima chake kimoja. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwenye simu, kisha kwenye kontrol boksi za magari yaliyopata ajali, nikiziua moja baada ya nyingine mpaka ikapatikana iliyokataa kufa. Cheti sina. Kila mteja anapoingia kwenye chumba changu pale Omurushaka, nyuma ya duka la pembejeo, moyo unaniambia: huyu ndiye atakayegundua.

Mzee aliingia asubuhi moja akiwa na fimbo na kofia, mrefu mpaka akainama mlangoni. Nyuma yake alikuja binti yake, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Nje walikuwa wameegesha pikapu ya dizeli iliyofifia rangi, na upepo ulileta harufu ya maziwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeyapa magari dawa?"

"Ni hesabu tu, baba. Sio dawa."

"Dawa, hesabu, vyote anapewa mgonjwa."

Binti alinitazama kuanzia kandambili hadi kichwani. "Baba, huyu hata ndevu hana."

Jibu zuri la maneno yale nililipata siku mbili baadaye, nikiwa napiga mswaki. Pale pale nilicheka tu na kufungua daftari.

Shida yao ilikuwa rahisi kueleza. Wao ni wafugaji wa upande wa Kyerwa, kule chini kwenye mbuga. Kila asubuhi binti huendesha pikapu kuleta maziwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa Omurushaka, na kituo hufunga mlango saa nne. Katikati ya safari, kabla ya kufika Kamuli, kuna kilima kirefu cha vumbi chenye kona mbili. Pikapu ilikuwa inakipanda kwa gia ya kwanza, ikilia, huku jua likipanda kwa kasi kuliko wao. Mara tatu mwezi ule walikuta maziwa yameanza kuharibika, wakarudishwa nayo. Mwenye kituo alikuwa amesema mtu akirudishwa mara nyingi, nafasi yake anapewa mwingine. Gari ni hilo moja. Likipata nguvu, wamepona. Likifa, maziwa yatamwagwa zizini.

Nilifika swali la tano.

"Na mzigo, baba? Siku likijaa sana linabeba kiasi gani?"

Mzee aliitazama kofia yake. "Linabeba maziwa."

"Ndiyo. Keni ngapi?"

Keni ni yale makopo makubwa ya aluminiamu ya kubebea maziwa. Kila moja ikijaa, mtu mmoja huinyanyua kwa kuuma meno. Mzee hakujibu. Binti aligeuka kutoka dirishani.

"Fundi, kwenu ni wapi?"

"Kiruruma."

"Kumbe ni mtu wa hapa hapa! Nilidhani umeshushwa na basi jana."

Masikio yaliniwaka moto. Nilikuwa najua. Nikiwa na miaka mitano au sita, ng'ombe wa jirani walikuwa wakipita kando ya migomba yetu, nami nikawanyooshea kidole na kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nikijivunia namba nilizofundishwa shule ya Jumapili. Bibi yangu, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri asiyetaka hata kusikia habari za hirizi, aliupiga mkono wangu ukashuka. "Ng'ombe wa mtu hawahesabiwi," alisema. "Unataka wapungue?" Sisi wa migomba na kahawa tunatajiana idadi ya miche bila wasiwasi. Mfugaji hatamki idadi ya ng'ombe zake, na ukimuuliza umemvua nguo. Maziwa nayo ni yale yale, kwa sababu mwenye kujua keni atawajua ng'ombe.

"Maziwa ya kutosha kunywa yapo," mzee alisema kwa upole, kama anayemsaidia mtoto aliyejikwaa. "Endelea, mwanangu."

Ningeweza kumweleza kwa nini nauliza. Ningeweza kusema, baba, naomba nilione gari likiwa limepakiwa. Yote hayo yalikuwa yanawezekana, na yote nimeyasema mara nyingi tangu siku ile, peke yangu, kwa sauti nzuri yenye heshima. Lakini nilikuwa nimeona aibu, na mtu kama mimi akiona aibu hutaka jambo lipite haraka. Nikaandika: kilo 500. Kwa wino, mwandiko uliosimama vizuri, kama mtu aliyeambiwa.

Kilichofuata kinanichekesha kwa uchungu. Kazi yenyewe niliifanya kwa uangalifu ambao ningemwonyesha mwalimu yeyote. Nilisoma faili la kiwandani, nikalihifadhi mahali patatu. Umeme wa Omurushaka siuamini, kwa hiyo wakati wa kuandika faili jipya nilifunga betri ya pili na kuzishika nyaya kwa mikono yangu, macho kwenye asilimia zinazopanda, kwa sababu ukikatika katikati kontrol boksi haiamki tena. Nilitoboa eksozi na kufunga sensa ya kupima joto la moshi, kwa maana moshi ndio unaosema ukweli wa injini. Ukipita nyuzi mia saba na hamsini na kukaa huko, turbo hupasuka na pistoni huanza kuyeyuka. Kisha nikaazima magunia ya mahindi kwa mnunuzi wa jirani, nikayapima kwenye mzani wake mpaka yakafika kilo mia tano kamili, nikayapakia, tukapanda kilima cha kutokea mjini mara nne. Moshi haukufika hata mia saba. Nilihakiki uongo wangu hadi kilo ya mwisho.

Mzee alifurahi. "Linapanda kama ndama aliyefunguliwa kamba," alisema. Binti alipoondoka alipiga honi.

Siku tano baadaye nilikuwa nimesimama mbele ya mgahawa na kikombe cha chai, pikapu ikapita kuelekea kituoni. Springi za nyuma zilikuwa zimelala kabisa. Keni zilijaa bodi nzima, na juu ya keni palikuwa na keni. Juu kabisa walikaa kinamama wawili walioomba lifti, na mkungu wa ndizi. Ilipita kwa sekunde chache tu, lakini macho yangu yalikuwa yameshahesabu kabla sijayakataza. Idadi siiandiki hapa. Niseme tu kwamba kilo mia tano zangu zilikuwa hazifiki nusu.

Chai ilinishinda.

Kwa mzigo ule, kwenye kilima kile kirefu, hesabu zangu zilikuwa zinaimwagia injini mafuta mengi kuliko hewa ya huku juu inavyoweza kuyachoma. Binti asingeona chochote. Angeona gari lina nguvu, angefurahi, angekanyaga. Joto lingekuwa linakula vyuma kimya kimya, asubuhi baada ya asubuhi.

Nilipaswa kukimbia nyuma ya gari lile. Sikukimbia. Siku ile sikwenda, na kesho yake sikwenda. Naandika hivi kwa sababu nimechoka kujificha: nilikuwa naogopa zaidi kusema kuliko nilivyoogopa injini kufa. Kusema kungekuwa kukiri mara mbili, kwamba namba niliibuni, na kwamba nimehesabu maziwa yao barabarani. Nilijiambia huenda itavumilia. Nilijiambia hawa watu hawajaniuliza.

Siku ya tatu nilimpigia binti simu nikamwambia kuna ukaguzi baada ya kazi, kwa kila mteja, kawaida tu. Hakukuwa na kawaida kama hiyo.

"Njoo ulale huku basi," alisema. "Sisi hatungoji mafundi waamke."

Nilifika kwao jioni, na kabla jua halijachomoza nilikuwa macho. Wanakamua mapema. Mzee aliniletea maziwa mwenyewe kwenye kibuyu. Nilianza kuyapokea nikiwa nimesimama, binti akakohoa, nikakumbuka, nikakaa. Maziwa hayanywewi wima. Wakati wa kupakia nilijifanya nafunga nyaya kwenye kabini ili nisitazame nyuma. Nilisikia tu kila keni ikitua, na gari likizama kidogo, na kidogo tena.

Tuliondoka watatu mbele: binti kwenye usukani, mzee dirishani, mimi katikati na laptopu mapajani, waya ukishuka miguuni. Kwenye tambarare moshi ulikuwa nyuzi mia nne na kitu. Binti alikuwa anaimba.

Kilima kilianza.

Mia tano themanini. Mia sita arobaini. Kabla ya kona ya kwanza ilikuwa mia saba.

"Unaona linavyopanda?" binti alisema. "Zamani hapa ningekuwa nasali."

Mia saba na ishirini.

"Dada, punguza kidogo."

"Nikipunguza hapa halitaondoka tena. Unajua tuna nini nyuma?"

Nilijua. Nilitaka kulia. Mzee alikuwa akitazama nje, mkono kwenye fimbo. Mia saba arobaini. Nilianza kuhesabu mita zilizobaki mpaka kileleni, na kuzigawa kwa nyuzi, kama kwamba hesabu ingenihurumia. Mia saba sitini. Mia saba na themanini, na kona ya pili ilikuwa bado. Niliwaza kufunga laptopu. Wazo hilo lilikuja wazi kabisa: funga, hakuna anayejua kusoma namba hizi isipokuwa wewe.

"Simama," nilisema.

"Nini?"

"Simama, dada! Lakini usizime. Liache lingurume lipoe, usizime!"

Alikanyaga breki, akavuta ya mkono. Mzee alishuka bila kuuliza, akaweka jiwe nyuma ya tairi. Vumbi letu likatupita. Nilikaa nikitazama namba zikishuka, mia saba, mia sita, mia tano, na nilipokosa sababu ya kuendelea kuzitazama nilishuka.

"Kosa ni langu," nilisema. "Nilipokuuliza mzigo, baba, hukunijibu. Nikaandika namba ya kichwani mwangu. Gari hili nimelitengenezea nusu ya mzigo huu, hata nusu haifiki. Tukiendelea hivi litakufa. Leo, au wiki ijayo. Nilijua tangu siku tatu zilizopita nilipowaona mjini. Nilinyamaza."

Binti alikuwa ametoa kichwa dirishani. "Umenyamaza? Siku tatu nalikanyaga hivi, wewe umenyamaza? Mawe, mama wee! Na ule ukaguzi wa kila mteja?"

"Hakuna ukaguzi."

"Fundi wewe ni wa makaratasi kweli!"

Mzee aliinua mkono, binti akanyamaza. Akaniuliza mimi. "Unaweza kulirudisha lilivyokuwa?"

"Naweza, hata hapa. Lakini sina betri ya pili. Umeme ukikatika katikati halitawaka tena kabisa."

"Na tukienda hivi hivi?"

"Linaweza kufika. Linaweza kuvunjika kona ya juu. Sijui, baba." Nilikuwa sijawahi kumwambia mteja sijui. Lilitoka kama jino.

Alitazama jua, kisha akatazama keni. Nilitazama viatu vyake. Kisha akafungua bodi ya nyuma.

"Shusha," aliniambia. "Shusha mpaka ibaki ile namba yako ya kichwani."

Halafu aligeuka, akatupa mgongo, akasimama akitazama bonde.

Nilichelewa kuelewa kwa nini amegeuka. Nilikuwa nimeshashusha mbili nilipoelewa: alikuwa ananipa nafasi ya kuhesabu bila yeye kuona nikihesabu. Nilishusha zile keni kwa mikono yangu, moja moja, nikizipanga kwenye kivuli chembamba cha ukingo wa barabara. Binti hakunisaidia, na alikuwa na haki. Mabega yaliwaka, vidole vikakatwa na vishikio. Mahali fulani katikati nilitaka kupumzika nikajikataza. Ule ulikuwa uongo wangu, kilo kwa kilo, na sikuwahi kuubeba kabla ya hapo. Garini zilibaki nane.

Binti aliondoka nazo kwenda kituoni. Tulisikia injini ikipanda kona ya juu bila kulia.

Tukabaki mzee na mimi na maziwa. Nilikata majani ya migomba kwenye shamba la jirani, kwa ruhusa ya mama mmoja aliyekuwa akipalilia kahawa, nikazifunika keni. Jua lilipopanda nilisogeza majani. Lilipopanda tena nilisogeza tena. Nilienda mara ngapi sijui, mzee akasema, "Kaa chini, mwanangu. Unayapa joto kwa kuyazunguka."

Nikakaa.

"Baba yako anafuga?"

"Hapana, baba. Migomba, na kahawa kidogo."

"Basi uliniuliza kama mtu wa migomba. Si kosa." Alichora mstari kwenye vumbi kwa fimbo. "Kosa ni kwamba nilipokunyima jibu ulijipa mwenyewe."

Niliinuka kwenda kusogeza majani, nikakumbuka, nikakaa tena.

Binti alirudi karibu saa tatu na nusu. Tulipakia watatu, haraka, na kilima tulikipanda moshi ukiwa mia sita tisini. Tulifika Omurushaka mlango wa kituo ukiwa bado wazi, lakini mpimaji hatazami saa tu. Anachanganya maziwa kidogo na spiriti kwenye kikombe, yakiganda, keni inawekwa pembeni. Nilisimama nyuma ya mzee nikihema kwa kila kikombe. Nyingi zilipita. Tatu ziliwekwa pembeni.

"Keni tatu, fundi," binti alisema, akinisukumia moja kwa mguu. "Hizo unaruhusiwa kuzihesabu."

Mchana ule ule, betri mbili zikiwa zimefungwa, nilirudisha faili la kiwandani. Nilimwambia mzee kwamba siwezi kumwandikia jingine kama sijui mzigo, na kwamba safari hii sitabuni, bora abaki na gari lake lilivyokuwa. Nilisema nikijua namaanisha watarudi kwenye gia ya kwanza na kuchelewa. Alivaa kofia yake, akaondoka. Nilidhani nimemkosa.

Baada ya siku mbili, alasiri, pikapu ilisimama mbele ya duka la pembejeo. Springi zilikuwa zimelala. Keni juu ya keni, mpaka juu kabisa. Nilitoka mbio nikiwaza wamekataliwa mzigo mzima. Mzee alikuwa ameshashuka na kufungua bodi, na alikuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu kile kilima.

"Fungua moja," alisema.

Nilifungua. Yalikuwa maji. Nikafungua ya pili, maji.

"Maji hayana ng'ombe nyuma yake," mzee alisema. "Hesabu utakavyo. Hesabu kwa sauti."

"Na usisahau lifti," binti aliongeza akiwa amekaa kwenye usukani. "Mimi sijui kuwakataa kinamama."

Nilihesabu kwa sauti, pale barabarani, watu wakitazama. Nikahesabu mara ya pili kutokea upande mwingine. Nilipima keni moja kwenye mzani wa mnunuzi wa mahindi, kisha nyingine, kwa sababu ya kwanza ilikuwa imebonyea ubavuni. Kwenye daftari nilikata zile kilo mia tano kwa mstari mmoja, zinasomeka bado. Chini yake sikuandika idadi. Niliandika: maji, limejaa, na kinamama wawili.

Kazi ilinichukua alasiri mbili, baada ya maziwa kufikishwa. Nilipunguza mafuta, nikaacha turbo isukume taratibu, nguvu nikaziweka chini, kwenye mzunguko mdogo wa injini, pale kilima kinapoanza. Gari halikuwa ndama tena. Lilikuwa kama ng'ombe mkubwa anayejua anakokwenda. Kisha tukashuka hadi kilimani kwenyewe, na maji yote nyuma, mzee dirishani, mimi katikati.

Mia sita. Mia sita hamsini. Kona ya kwanza, mia sita themanini. Tulipita mahali nilipopanga keni. Majani yangu ya migomba yalikuwa bado pale, yamekauka. Mia saba na tano. Nilishika ukingo wa laptopu. Mia saba na kumi. Kona ya pili. Mia saba na kumi. Mia saba na kumi.

Kileleni binti alisimama, akapumua, akanigeukia.

"Haya, fundi. Umeridhika?"

Nilitazama namba, kisha nyuma, kule tulikopanda.

"Tushuke," nilisema. "Tupande tena."

"Tena?"

"Mara moja tu, dada."

Mzee alicheka, akagonga mlango kwa nje kama anavyomgonga ng'ombe ubavuni ili aondoke. Binti akasonya, akageuza gari.